Doa kwenye Mkono wa Shati Jeupe

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Fundi Mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake kamili litasomwa siku ya sherehe. Hapa tumwite tulivyozoea: Mzee Kidole.

Jina hilo alilipata kazini. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, akafikicha tone moja kwa kidole na dole gumba, kisha hutoa hukumu bila kufungua mdomo. Oili ikimridhisha, hujipangusa kwenye mkono wa ovaroli yake. Isipomridhisha, humpangusia fundi aliyeiweka. Ovaroli zetu ni mashahidi, na yangu imeshuhudia mengi.

Alianza kwa kuosha magari, akawa fundi wa breki, kisha wa injini, hadi akatuongoza sisi wakorofi wote. Chini yake, hakuna gari la wagonjwa lililozimika njiani likiwa na mgonjwa ndani. Kwa hilo tunamshukuru kabla ya mengine yote.

Ukaidi nao alikuwa nao. Oili ya sintetiki, ile iliyoundwa maabara, ilipoingia karakana aliibeza, akisema injini haihitaji manukato. Yeye na oili ya kawaida walikuwa chanda na pete. Yalipokuja magari mapya yenye turbo, alikaa wiki nzima na vitabu vyake, miwani puani, kisha akatukusanya na kukiri kwamba amekosea: injini hizi zina joto kali, zinataka sintetiki. Alituambia fundi anayeona haya kukosolewa ataua injini za watu.

Gari lake mwenyewe, hata hivyo, halikuonja sintetiki. Ni kuukuu, sili zake za mpira zimechoka, na aliamini oili hiyo nyepesi ingevuja yote. Sasa gari hilohilo ndilo litakalompeleka mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Ndiyo sababu anatuacha mapema kuliko tulivyotaka. Gari hilo halina ruhusa ya kuzimika.

Basi tulilichukua kwa kisingizio cha kulipiga rangi. Tukabadilisha sili zote, tukasafisha injini, kisha tukagombana kuhusu oili. Wengine walitaka tumheshimu kwa kuweka ile aipendayo. Wengine tukasema sili sasa ni mpya, na sintetiki hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa, hivyo mzee wa watu hatakuwa akilala chini ya gari kila mara na magoti yake yale. Tukaiweka, roho mkononi.

Ijumaa alikuja kupigwa picha ya jarida hili, amevaa shati jeupe jipya alilonunuliwa na Mama. Akachomoa kijiti cha gari lake, akafikicha tone. Sote tukaficha mikono nyuma. Machozi yakamlengalenga, kisha akajipangusa kwenye mkono wa shati lake.

Ahsante, Mzee wetu. Mungu awajalie wewe na Mama heri katika kila safari, ya kwenda na ya kurudi. Mpiga picha alitaka kulifuta lile doa pichani. Tulimkatalia.