Gahongayire na Mapazia Aliyoyasahau

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026, Mhandisi Gahongayire anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu ya majengo hapa Kigali. Kazi yake imekuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi joto linavyopenya vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia jua. Mumewe, Mzee Rutayisire, huwaambia wageni kwamba mkewe anauza madirisha, naye alishachoka kumsahihisha.

Alizaliwa Bukoba, akasomea fizikia Dar es Salaam, akarudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, na Kiswahili kilichonyooka, ambacho hukitumia hasa akigomba. Wengi wetu tulijifunza kazi tukiwa tumesimama nyuma ya kiti chake, tukiogopa kupumua.

Lakini kilichompa jina ni wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya kule Batsinda, yenye dirisha kubwa linalotazama magharibi. Aliuambia mkutano mzima kwamba kwa vioo vile, chumba kitakuwa na ubaridi wa mtungi. Kituo kikafunguliwa, na mchana wa kwanza watoto wachanga wakalia kwa joto kama walioambiana. Msimamizi wa mradi akatoa wiki moja: chumba kipoe, au dirisha lizibwe kwa matofali na kina mama wakae gizani. Wahenga walisema bora kujikwaa dole kuliko ulimi, na Mama Gaju, ndivyo tumwitavyo, alikuwa amejikwaa ulimi mbele ya watu.

Alirudia hesabu mara nyingi, na kila mara kompyuta ilimwapia kwamba chumba kina baridi. Mwishowe akaenda kuketi humo mchana kutwa, ndipo akayaona mapazia. Katika mji huu mtu hahamii nyumba kabla ya kutundika mapazia, na wauguzi walitundika yao, mazito, ya zambarau, toka darini hadi sakafuni. Yalikuwa yanakunywa jua na kuziba matundu ya hewa. Kwenye hesabu zake hapakuwa na pazia hata moja, ilhali nyumbani kwake yapo mpaka jikoni.

Akaamuru yashushwe. Kesho yake chumba kikapoa, watoto wakalala, naye akaingia ofisini akitembea kwa madaha. Jioni muuguzi Mukabalisa akampigia simu: "Mama Gaju, joto imetoka, lakini taa zikiwaka barabara yote inatuona."

Vioo vile mchana humrudishia mpita njia sura yake. Giza likiingia na taa zikawashwa ndani, humwonyesha kila kitu. Mhandisi wetu alikuwa amelisahau giza pia.

Akaenda sokoni Kimironko, akanunua kitambaa cheupe chepesi, akakishonesha kuwa mapazia mapya, kisha akayaingiza kwenye hesabu pamoja na saa ambazo wauguzi huyafunga. Safari hii kompyuta na chumba vikakubaliana, na matofali yakarudishwa yalikotoka. Tangu hapo hakuna hesabu inayotoka maabara hii kabla mmoja wetu hajaenda kuona watu wanaishije na dirisha lao.

Asante, Mama Gaju. Tutakukosa sana, na bila wewe tunaogopa kidogo. Mchana huu kuna mama Batsinda anayemnyonyesha mwanawe kwenye mwanga, bila jasho, wala hajui jina lako. Sasa ni zamu yako kupunga upepo, na tunakuombea uupunge miaka mingi.