Unaonaje Kazi Yako?

Siku hiyo, nyumbani kwa Mzee Maige kule Igogo, walikuwepo mkewe Wilhelmina, binti yake Rebeka, mwanawe Pius, Chenge fundi wa mashine aliyefanya kazi na mzee tangu ujana wao, na Dorcas, mke wa Pius, mtoto mgongoni. Chenge ndiye aliyekuwa akimlowesha mgonjwa midomo kwa pamba iliyochovywa majini, taratibu, kama mtu anayenywesha kifaranga, na Dorcas aliona haya kwamba yeye hakuliwaza hilo.

Mzee akafumbua macho.

"Sikilizeni wanangu, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima. Shamba la Usagara ni la mama yenu, na maadamu yu hai asiliguse mtu. Baiskeli ni ya Rebeka. Atakayesema mwanamke hapandi, yeye atembee kwa miguu. Ugomvi wangu na ndugu yangu Shimba nizikeni nao, msiurithi. Sasa wewe Pius. Kiwanda cha pamba kilichotulisha kimeuzwa, na tajiri mpya akakupeleka Arusha ukafundishwe kuongoza miradi. Uliporudi ukawaita watu ofisini mmoja mmoja, ukawauliza, 'Unaonaje kazi yako?' Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mwanangu, miaka hii ya watu kupunguzwa kazini, mtu akiulizwa hivyo mlango ukiwa umefungwa, anajua jina lake limeshakatwa. Ndiyo maana wote walikujibu kazi ni safi, bosi. Hata Chenge. Na Chenge haoni. Jicho la kulia limekufa, la kushoto linafuata, na Getruda mfagizi ndiye anayemsomea vipimo vya mashine huku akijifanya anafagia. Chenge, nisamehe."

"Sema tu, Maige," Chenge alisema. "Ulimi wako hujawahi kuufunga, utaufunga leo?"

Mzee alicheka, kikohozi kikamkata.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Pius, usiwaite tena. Nenda wewe, kaa nao chini wakati wa uji, uanze kuwaambia unachokiogopa, ndipo nao watakuambia chao. Na huyu mwenzangu mpe kazi ya kufundisha vijana. Mikono yake bado inaona. Niahidi."

Pius alitazama sakafu. "Kuwaongoza nimefundishwa, baba. Ruhusa ya kuwabakiza kazini sikupewa."

Dorcas alitamani mumewe aseme ndiyo, hata ya uongo. Akambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

"Basi," mzee alisema, sauti ikififia, "siku Chenge akikatwa, asiyasikie kwa wengine. Mwambie wewe... mapema, uso kwa uso. Nizikeni karibu na mama yangu. Msichinje ng'ombe wa kukopa. Mungu awape kinywa kisichoogopa, na sikio... sikio la... Dorcas, mfunike mtoto, mama. Kuna baridi."

Alizikwa Jumamosi. Msimu wa pamba ulipofunguliwa, Chenge hakuitwa kazini.