Mugongo Usiouma
Katika gari aina ya jeep la kutoka Kasongo kwenda Salamabila, mbele yangu alikaa Mama Emilienne, mkulima wa Lusangi, pamoja na Clovis, mnyoosha migongo ya wachimba dhahabu. Walikuwa wamejuana humo njiani tu.

"Mutoto wangu Muzaliwa, maumivu ya mugongo inamurudilia kila mara," mama alisema. "Ninaenda kumukanda. Baba yangu alikuwa anatukanda kila Jumapili, hata kama hatuumwe."

"Kwa Muzaliwa, sawa," Clovis akajibu. "Utafiti unaonyesha, kama maumivu inarudia na matibabu ya kwanza ilisaidia, kuendelea kunapunguza siku za kuumwa. Lakini mutu mwenye haumwe? Sijaona uhakikisho."

"Basi Baba alijisumbua bure?"

"Sikusema bure, mama. Nilisema watafiti hawajapima."

Barabara ile ilikuwa imenipima mimi mgongo vya kutosha.

"Tulikuwa tunapanga mustari," mama akasema polepole. "Mimi nilikuwa ninajificha nyuma, sababu wa mwisho alikandwa sana. Sura ya Baba inaanza kunipotea. Mikono yake, hapana."

Gari likasimama. Clovis alitangulia kushuka, akampa mkono. Mama alitua chini, lakini hakuuachilia upesi.