Maisha ya Paskazia Mbuke, Aliyemtoa Mwanawe Mgodini

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, wazee wetu, akina mama, majirani wa Samuye, na ninyi mliotoka mbali, Shinyanga mjini, Mwanza na ng'ambo ya ziwa kule Geita, pamoja na ndugu zetu Waislamu mliokuja kutusitiri katika msiba huu, nawasalimu nyote kwa niaba ya nyumba ya marehemu Mabula. Mimi ni Scolastika, mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake Serafina, na nimesimama hapa kwa sababu mjomba wangu Mihayo, ambaye ndiye aliyestahili kusoma, alinishika mkono jana jioni akaniambia, "Soma wewe, mwanangu, mimi pumzi yangu haitafika mwisho wa karatasi."

Marehemu Bibi yetu, Paskazia Mbuke binti Nkwabi, alizaliwa hapa hapa Samuye, siku na mwezi havijulikani, ila mwenyewe alituambia kwamba sotoka ilipoingia na ng'ombe wakalala wamekufa mbugani mpaka fisi wakashindwa kuwamaliza, yeye alikuwa msichana mkubwa aliyekwisha kutolewa mahari, na mahari yenyewe ikafa yote zizini kabla hajaolewa. Kwa hesabu hiyo wazee wamekubaliana kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1874, maana yake ametuacha akiwa na miaka zaidi ya themanini, umri ambao wengi wetu tuliokusanyika hapa hatujapata kuuona kwa mtu mwingine yeyote wa kijiji hiki.

Shule hakusoma, kwa kuwa haikuwapo, lakini alipofika miaka sitini na kitu alianza mafundisho ya dini kigangoni chini ya Katekista Athanas, akakaa benchi moja na wajukuu wa wenzake, akajifunza kusoma jina lake na Baba Yetu, kisha akasema herufi nyingine anawaachia wenye macho. Alibatizwa siku ya Pasaka, mwaka 1936, ndipo akaitwa Paskazia.

Aliolewa na Babu yetu Mabula baada ya sotoka, mwaka wa 1893 au unaofuata, na kwa kuwa ng'ombe hawakuwapo, Babu alilipa mahari kwa majembe ya chuma na kwa kumlimia mkwewe misimu mitatu. Bibi alipenda kusimulia jambo hili huku akicheka, akisema yeye ndiye mke pekee katika ukoo wake aliyeolewa kwa jasho, si kwa mkia wa ng'ombe. Walilima mtama na uwele, na Mungu aliwajalia watoto tisa, watano akawachukua wakiwa bado wananyonya, wakabaki wanne, yaani Bujiku, Maige, Serafina na Mihayo, ambaye ni wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1908.

Mwaka 1916, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, Babu Mabula alichukuliwa kubeba mizigo ya askari kuelekea Tabora. Alikuwa hajafika miaka hamsini. Hakurudi, na hakuna aliyejua kaburi lake, kwa hiyo Bibi hakupata hata mahali pa kwenda kulia. Aliwalea watoto wake peke yake, kwa jembe.

Mwaka 1934 binti yake Serafina alifariki siku ya tatu ya uchungu, hapa nyumbani, baada ya kunizaa mimi. Wapo akina mama hapa waliokuwapo siku hiyo, nao wanakumbuka kwamba Bibi hakulia mpaka aliponipatia mtu wa kuninyonyesha. Leo mimi ni mwanafunzi wa ukunga, na kila ninapomwona mama akitoka wodini na mtoto mgongoni, akitembea kwa miguu yake kurudi kwao, huwa nasimama kumtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza, kwa kuwa najua kwamba mama yangu alikosa kitu kidogo sana kufika pale. Akina mama wa kijiji hiki wanaovuka salama miaka ya kuzaa huishi, na Bibi alikuwa mmoja wao. Wanaume wetu walikuwa na njia nyingine ya kuondoka.

Njia hiyo ilikuwa dhahabu. Mjomba Bujiku alikwenda kuchimba upande wa Geita, na mwaka 1938 kifusi kilimwangukia shimoni, akiwa na miaka arobaini. Mjomba Maige alimfuata kwenye kazi hiyo hiyo, akarudi nyumbani mwaka 1944 akiwa amekonda, anakohoa vumbi, akafa mwaka uliofuata Bibi akiwa amempakata kichwa kama mtoto. Bibi alisema watakaobaki walime. Lakini mwaka 1947 Mihayo naye aliondoka, kwa sababu alikuwa na mke na watoto na mvua ilikuwa imetunyima, akaandikwa kazi katika mgodi mdogo uliokuwa nje ya Geita, ambao siku hizi umefungwa.

Ndugu waombolezaji, mambo yaliyofuata nisingethubutu kuyasoma mbele yenu kama wale walioyaona kwa macho wasingekuwa wameketi hapa.

Mwaka 1949, mwezi wa Septemba, mtu aliyetoka mgodini alipita hapa akasema Mihayo anakohoa usiku kucha. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka sabini, hakumwuliza neno la pili. Asubuhi alifunga unga wa mtama kwenye kitambaa, akatembea hadi Shinyanga, akapanda gari moshi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akashuka Mwanza, akavuka maji kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na huko ng'ambo akaomba nafasi kwenye lori la magogo, akafika Geita akiwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Aliyempokea ni Mama Mwamvua, mpika uji wa wachimbaji, ambaye hakuwa ndugu yake wala wa dini yake, akamlaza kwenye mkeka wake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amejifunza Kisukuma kwa wateja wake, ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Mama Mwamvua yuko hapa leo, ameketi na wanawake wa ukoo, mahali panapomstahili.

Siku ya pili Bibi alikwenda kwenye lango la mgodi pamoja na Mama Mwamvua. Nyapara wa zamu alikuwa Mzee Marselino, ambaye naye tunaye hapa, na ni yeye aliyeniruhusu nisome maneno waliyoambiana. Alimwambia, "Bibi, shikamoo. Mwanao ana mkataba, na mkataba haujaisha. Mtu haondoki hapa kwa sababu mama yake amekuja."

Bibi akajibu, "Marahaba, baba. Sikuja kumwombea ruhusa, nimekuja kukaa naye. Baba yake sikumzika, hata kaburi lake silijui. Kaka zake nimewazika wote wawili. Huyu akifa nataka niwe karibu, na wewe utanisaidia kuchimba, maana kuchimba ndiyo kazi yenu."

Basi akaketi pale langoni, juu ya jiwe, na wachimbaji walipokuwa wakitoka zamu, weupe kwa vumbi kama watu waliopakwa unga, aliwasalimia mmoja mmoja, na kila aliyeitikia alimwuliza, "Mama yako yu hai?" Akijibu, alimwuliza tena, "Na baba yako?"

Mzee Marselino anasema mwanzoni watu walicheka. Walidhani ni bibi mpweke anayetafuta maongezi. Lakini siku zilivyokwenda kicheko kilipungua, kwa sababu kila mtu alikuwa akisikia majibu ya mwenzake. Yupo, alikuwa akisema mmoja, mama yuko nyumbani Kahama, baba alikwisha kufa. Yupo, akasema mwingine, mama ananingoja Sengerema, baba simkumbuki. Walikuwapo Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, watu wa Tabora na watu wa Bukoba, kila mmoja na kabila lake na dini yake, na majibu yakawa karibu yale yale, mama yupo, baba hayupo, mama yupo, baba hayupo, mpaka mchimbaji mmoja kijana akaketi chini pale pale mbele yake akashika kichwa, akasema, "Bibi, kwa nini unatuuliza hivi? Baba zetu wote wamekwenda wapi?"

Bibi akamwambia, "Ninyi ndio mnajua, mwanangu. Mnatoka huko kila siku."

Baadaye Mzee Marselino alimwendea ili amwombe aache, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kusitasita kushuka. Kabla hajasema, Bibi akamwuliza yeye pia. Mzee Marselino anasema alisimama na fimbo yake ya unyapara mkononi, akajibu kwamba mama yake yuko hai, kisha kwa swali la pili akajikuta akihesabu miaka, kwa sababu baba yake alikufa akiwa na umri ule ule aliokuwa nao yeye siku hiyo, na hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo mpaka alipoulizwa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa mgodi, akamwambia, "Bwana, yule Mihayo apimwe kifua. Kama ni mzima nitamshusha mwenyewe. Kama ni mgonjwa, mpe mama yake, la sivyo mtafute nyapara mwingine."

Daktari alimpima, akasema kifua kimeanza kuharibika, akishuka tena hatamaliza miaka miwili. Mkataba ukavunjwa kwa ugonjwa. Bibi alimchukua mwanawe wa miaka arobaini na moja kwa mkono, kama anavyochukuliwa mtoto kutoka shule, na Mama Mwamvua anasema wachimbaji walisimama pande mbili za njia, wakavua kofia, wala hapakuwa na aliyewaambia wafanye hivyo.

Mihayo alitibiwa kwa muda mrefu, akapona kwa kiasi, akalima pamba mahali palipo na hewa. Wenzake kadhaa wa kijiji hiki waliobaki kule tumekwisha kuwaombea kama marehemu katika kanisa letu. Mwaka 1955 Bibi alikuwa akimnyoa mjomba uani, ghafla akaacha wembe, akaita watu wa nyumba nzima, tukakimbia tukidhani amemkata. Akatuonyesha unywele mmoja kati ya vidole vyake, akasema, "Tazameni. Mvi. Sijawahi kuona mvi kwenye kichwa cha mwanamume wa nyumba hii." Akakataa kuunyoa.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, karani wa kuhesabu watu alipofika kwetu, alimwuliza Bibi umri, naye akamsimulia habari za sotoka. Karani alipiga hesabu, akaipiga upya, akamwuliza, "Bibi, wazee wa kiume wa rika lako wako wapi, niwaulize nao?" Bibi akamjibu, "Wa rika langu wamekwisha siku nyingi. Wa rika la wanangu pia wamebaki wachache. Mwulize Mihayo." Yule kijana akainuka kwenye kigoda, akamwamkia upya, mara hii akiwa amepiga goti.

Bibi alianza kudhoofika Kwaresima ya mwaka huu, 1958, na mwezi Juni akashikwa na homa ya mapafu, tukampeleka hospitali Shinyanga kwenye lori la pamba, akatunzwa vizuri sana, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumanne, tarehe 15 Julai, asubuhi, mjomba Mihayo alikuwa akimnywesha uji. Alimeza kijiko cha pili, akamsukumia bakuli, akasema, "Na wewe je, umekula?" Mjomba akamwita mama kwa Kisukuma, akasema, "Bado, mayu." Akasema, "Basi kula." Mjomba akala uji ule, na alipomaliza akainua macho, mama yake alikuwa amekwisha kwenda.

Ameacha mtoto mmoja, wajukuu kumi na wawili na vitukuu. Kati ya wazee wanaojua habari za nyumba hii, hakuna anayekumbuka siku ambayo mwana wa kiume alimzika mama yake aliyezeeka. Leo ndiyo siku ya kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga, wenzangu wa shule ya ukunga waliokuja wakiwa na sare zao, Baba Padri na Katekista Athanas, Mama Mwamvua na Mzee Marselino kwa safari yao ndefu, dereva wa lori la pamba, na majirani wote mliochota maji, mliotwanga na mliochimba kaburi. Hatuwezi kuwataja wote, mtuwie radhi.

Mjomba Mihayo ameniomba niseme neno moja kwa niaba yake, nalo naliandika kama alivyolitamka. Amesema, "Waambie wazee kwamba tangu leo mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Sikumwona baba yangu akizeeka, wala kaka zangu. Sijui mwanamume mzee huamkaje, hukaaje, huwaambia nini wajukuu. Naombeni mnifundishe."

Bibi Mbuke, mayu wetu, kazi yako imetosha. Lala kwa amani katika udongo wa Samuye.