Pampu Inayolala Ndani ya Petroli

Mchana huo hata Kisenyi, mtaa wa gereji, ilikuwa kama imesinzia. Nyundo za gereji zilisikika kwa mbali, kama zinagongwa ndotoni. Kwenye benchi la Safinah, muuza kahawa, Olal alilitazama gari lake lililogoma. Kesho alfajiri alipaswa kumpeleka mama yake Gulu, kwa dada mkubwa wa mama huyo, ambaye siku hizi anawatambua watu kwa sauti tu, na hata sauti zinaanza kumpotea. Kila asubuhi, Olal alipogeuza ufunguo, kitu kilivuma chini ya kiti cha nyuma, kama mtu anayesafisha koo. Leo kimya.

Muhamadi, dereva mwenzake aliyeitwa Betri kwa kuwa maneno hayamwishi, alieleza kuwa hiyo ni pampu ya umeme: imezama ndani ya tangi, inasukuma petroli mpaka kwenye injini. Angeishia hapo, pangekuwa na amani.

— Petroli ya nini kusukumwa? alisema Santo, askari mstaafu waliyemwita Kamanda. Maji hufuata mkondo.

— Mkondo unapanda kilima cha Naguru, ssebo? Betri akamuuliza.

— Usiku petroli inashuka, asubuhi inapanda. Kama ukungu.

Betri akadai umeme na petroli ni mahasimu, na pampu ndiyo inawasuluhisha. Kamanda akasema pampu huota. Ikiota safari mbaya, haiamki. Olal akaiona imelala gizani, inamwota mama yake.

Dolphine, mgeni aliyekuja kununua kahawa, alikuwa akisikiliza.

— Umeme ndani ya petroli, mbona haiungui?

— Petroli yenyewe inaipoza, nyabo, alijibu Betri.

— Na petroli ikiwa kidogo?

Wote pale huendesha taa ya njano ya petroli kuisha ikiwaka. Olal alikwisha kuizoea kama nyota.

— Mimi naweka kidogo kidogo, alisema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kilijaa lini? aliuliza Dolphine.

Safinah akabonyeza pampu ya chupa ya kahawa. Ikakohoa hewa tupu. Akaondoa mkono upesi, asiiharibu.

Olal akachukua jerikeni. Alienda kituo cha mafuta na kurudi mpaka tangi likajaa, kisha akavua kiatu, akainama, akaligonga tangi kwa chini kwa kisigino chake, taratibu, kama anayebisha hodi. Kamanda akageuza ufunguo.

Chini ya kiti cha nyuma, mtu akasafisha koo, na Olal akaitambua sauti.