Bolti ya Nane

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Asifiwe tena! Haya, hapo sawa.

Mimi ni Baba Taaka, dereva, wa hapa hapa Busia. Wengi mnanijua kwa hasira zangu, na sikatai. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa siku zile za utawala wa jeshi, na niseme ukweli tangu mwanzo: wakati ananiokoa, mimi nilikuwa nikimnung'unikia.

Nilikuwa na Landrova kuukuu, napeleka samaki wakavu Tororo na kurudi na muhogo. Barabara kubwa ilijaa vizuizi vya askari, na gari likisimamishwa hujui kama utarudi nalo nyumbani. Kwa hiyo nilipita njia za ndani, Mwello, Iyolwa, mawe matupu. Mawe yale yaligonga ubavu wa gari chini ya milango mpaka mlango wa kushoto ukakataa kufunga, nikaufunga kwa kamba. Nikaambiwa dawa yake ni vyuma vya ubavuni: bomba nene, moja kila upande, likae chini ya milango ili jiwe lipige bomba, lisipige gari.

Basi, hapo taabu ikaanza. Tororo nilikuwa na mafundi wawili, na hawakupatana hata siku moja. Fundi Saidi, Mwislamu mmoja mpole wa mjini, alisema, "Funga kwa bolti, ndugu yangu. Ukigonga mwamba bomba likapinda, unalifungua, unalinyoosha, unalirudisha. Ukichomelea, hiyo ni ndoa isiyo na talaka." Fundi Okoth, mchomeleaji, alipoyasikia hayo alicheka mpaka akavua miwani. "Bolti ni za kitanda! Chuma kichomelewe kwenye fremu, kiwe kitu kimoja. Gari lote likae juu ya jiwe, na wewe unatafuna muhogo wako."

Nilimwamini Okoth. Lakini gesi yake ya kuchomelea ilikuwa imekwisha, na siku zile kitu kikiisha kimeisha, iwe sabuni, chumvi au gesi. Nikafunga kwa bolti za Saidi, nne kila upande, huku nimenuna.

Ndugu zangu, bolti zile zilinitesa! Kila nikivuka mawe, zinalegea. Kila Jumamosi nalala chini ya gari na spana, nakaza. Jumapili nikija kanisani zimeshalegea tena, zinagonga, mchungaji anasimamisha sala mpaka kelele zangu zipite. Watoto wakanipachika jina, Baba Kengele! Nikafunga kula, nikaomba: Bwana, mpe Okoth gesi. Niliiomba gesi kuliko nilivyoiomba mbingu. Naenda Jumatatu, Okoth ananiambia njoo Jumatatu. Jumatatu hiyo naambiwa amekwenda matangani. Jumatatu nyingine gesi imekuja, lakini amempa shemeji yake! Nilitukana, Mungu anisamehe, tena mbele ya mkewe.

Hatimaye siku ikafika. Gesi ipo, Okoth yupo, moto umewaka, ameinama ubavuni mwa gari langu. Nikasema, asante Yesu. Hapo hapo mke wangu, Athieno, akaingia akihema, ameletwa kwa baiskeli kutoka kwao Iyolwa. Mama yake alikuwa na siku tatu anaumwa tumbo, halali, wala hatii kitu mdomoni. Lazima aletwe hospitali.

"Saa moja tu," nikamwambia, "Okoth amalize."

Athieno akapanda garini, akaketi. Nikamwambia Okoth azime moto.

Nilimkasirikia Mungu njia nzima mpaka Iyolwa. Nilisema kwa sauti, Athieno ni shahidi: Bwana, saa moja tu imekushinda? Na bolti zikagonga kila jiwe, kana kwamba zinanijibu.

Sasa, desturi zetu mnazijua. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani, hawasemezani. Miaka tisa nilikuwa nimemwoa binti yake, na alikuwa hajawahi kuniambia neno hata moja. Tukamlaza nyuma, chini ya turubai, Athieno akatundika kanga katikati, nikaendesha macho mbele. Akina mama wa kanisa la kwao walikuwa wamemwombea na kumpaka mafuta, wakampa na chupa yenyewe aende nayo.

Tunakaribia Tororo, kizuizi! Mahali ambapo hakijawahi kuwapo! Pembeni limesimama gari la mkubwa wao, Landrova kama yangu, ubavu umepondeka. Askari mmoja akalizunguka gari langu polepole, akalipiga teke bomba.

"Wewe! Hii vyuma mzuri. Afande nataka. Fungua!"

"Afande, nina mgonjwa, anakufa."

"Fungua! Kama hii vyuma nakataa kutoka, hii gari nakwenda kambi, tunakata huko. Na wewe nakwenda."

Ndugu zangu, waliokwenda kambini na magari yao tulibaki kuwaulizia tu. Nikachukua spana, nikaingia chini. Hapo ndipo nikaielewa ile saa moja niliyonyimwa. Chuma kilichochomelewa hakifunguliki kwa spana.

Bolti ya kwanza ilitoka kwa vidole. Ya pili, ya tatu, ya nne, upande mmoja ukaanguka. Nikahamia upande wa pili. Ya tano, ya sita, ya saba. Ya nane ikakataa! Bolti zilizolegea kila wiki bila kuniomba ruhusa, leo moja imeamua kushika kutu! Spana ikateleza, ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma. Buti za askari zilikuwa karibu na sikio langu.

"Dakika tano," akasema.

Nikalia. Mwanamume mzima, chini ya gari, nalia kwa hasira. Nikasema, Bwana, unanichezea?

Ndipo nikasikia sauti juu yangu, kavu, sauti ya mtu aliyechoka nami kabisa.

"Baba Taaka! Acha kelele. Shika mafuta."

Mkono wa mama mkwe ulikuwa umetokeza kwenye upenyo wa turubai, umeshika ile chupa. Nikaipokea bila kumtazama. Nikaimimina yote juu ya ile bolti, nikahesabu mpaka ishirini, nikaisukuma spana kwa mguu. Bolti ikalia, ikazunguka! Bomba likaniangukia begani, nami nikapiga kelele, haleluya! Askari wakadhani nimeumia.

Wakabeba vyuma vyao, wakatupungia mkono tupite. Mama alipasuliwa siku ileile. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungerudi na maiti. Kesho yake nikampitia Okoth. Mnajua aliniambia nini? "Lete mabomba mengine, tuchomelee, gesi bado ipo." Watu wengine, jamani!

Ndugu zangu, hasira zangu bado ninazo, niombeeni. Lakini yupo mtu humu leo amemnunia Mungu kwa sababu jambo lake limecheleweshwa. Njoo. Njoo hata ukiwa umenuna, mimi sikuja nikicheka. Yeye aliyenizuia kwa Okoth ndiye aliyeweka mafuta ndani ya gari langu, na mimi nilikuwa nalalamikia kelele za bolti.

Mama mkwe yupo hapa, amekuja kutoka Iyolwa kusikiliza kama nitasema ukweli. Simtazami. Tangu siku ile hajanisemesha tena, desturi imerudi mahali pake. Lakini tukiimba mtasikia sauti moja kavu kule benchi la akina mama, inatangulia zetu zote. Ndiyo hiyo. Simameni, tuimbe, nipate kuisikia.