Baba Mpya wa Tamthilia

Asubuhi ile kijiweni walikuwapo Kinyozi, mwenye benchi na duka lililo nyuma yake. Fundi Saa, na saa ya mtu mfukoni. Mlinzi, aliyetoka lindoni bado amevaa koti zito. Na Muuza Kahawa na birika lake. Hakuwapo Karani mstaafu, aliyelazwa hospitali wiki ya tatu sasa. Mwisho wa benchi, alipozoea kukaa, paliachwa wazi.

Kwa miaka tisa Karani ndiye aliyewahadithia tamthilia ya televisheni, kila mhusika na sauti yake. Hata mlango aliubamiza kwa mdomo. Wenzake hawakuwahi kuitazama. Mlinzi huwa kazini, Fundi Saa macho yamemchoka, Muuza Kahawa hulala na kuku. Alipougua, alimwambia Kinyozi, "Nishikie nafasi mpaka nirudi." Tangu hapo Kinyozi hutazama, na asubuhi huhadithia, na wasikilizaji wanapungua. Walikuwa kumi na wawili. Sasa ni hawa watatu, nao wanapiga miayo.

Bahati mbaya, wiki hiyohiyo mwigizaji aliyecheza baba katika tamthilia alibadilishwa.

— Tamthilia imekwisha, alisema Mlinzi. Walipomtoa yule baba wa zamani waling'oa nguzo ya nyumba.

Fundi Saa aliafiki. Saa ukiitia springi isiyo yake, alisema, hata mishale hukosa adabu. Na mji mzima umeshaacha kutazama, yeye ana hakika. Muuza Kahawa akapanda juu zaidi: baba mpya ametumwa na kituo pinzani, aiue tamthilia kutoka ndani.

— Hata kulia hajui, Mlinzi akamalizia. Analia kama anayesoma tangazo la kukatika maji.

Kinyozi alikuwa akinoa wembe usiohitaji kunolewa. Wembe ukasimama.

Dereva wa lori la maziwa, mgeni aliyengoja kunyolewa, akainua kichwa.

— Samahani, wazee wangu. Nani kati yenu amemwona huyo baba mpya akilia?

Mlinzi alimtazama Fundi Saa. Fundi Saa alilitazama birika.

— Mimi, alisema Kinyozi. Analia vizuri kuliko wa kwanza. Juzi nilijifuta macho kwa taulo la wateja. Asiyejua kulia ni mimi ninayewahadithia.

Mlinzi alikuna kidevu, kisha akasogeza magoti kumpisha Kinyozi.

— Basi kaka, kaa pale mwisho. Anza upya, na usiwe na haraka.

Kinyozi alisita. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, naye alipewa aishike tu. Alikuwa bado amesimama, binti wa Karani alipovuka barabara, ndara za baba yake zikiwa ndani ya mfuko. Aliwaamkia mmoja mmoja, nao wakaitikia.

— Baba amefariki leo alfajiri, alisema. Mazishi ni kesho saa saba.